Mama mdogo kaambiwa damu yake ina miaka 74. Hivi vipimo vya umri kwa sukari za kingamwili vipo kweli au tunapigwa?

Kijana wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba wenye uelewa wa maabara na afya wapite hapa. Wa utani nawajua, njooni tu ila msijaze uzi.

Mama yangu mdogo ana miaka 59, yuko Uyole, analima viazi na mahindi. Wiki iliyopita jirani yake kamvuta kwenye semina ya afya ukumbi mmoja Mwanjelwa. Semina bure, kupima elfu thelathini. Kapewa chuma akishike kiganjani, waya unaingia kwenye laptop, dakika chache zikatoka karatasi za rangi kurasa kumi na kitu. Ini, figo, mishipa, "sumu mwilini", na ukurasa wa mwisho kwa maandishi makubwa: UMRI WA MWILI 74. Chini wameandika kwamba hesabu imetokana na "mpangilio wa molekuli za sukari kwenye kingamwili za damu, teknolojia ya Ulaya". Tiba ya kurudisha umri ni makopo manne, laki nne na nusu. Sasa hivi anatafuta mnunuzi wa viazi kabla hata bei haijakaa vizuri.

Nikataka kumwambia ni matapeli, nikaona nichungulie mtandaoni kwanza. Nakuta kweli kuna wanasayansi wanapima umri kwa sukari za kwenye damu! Nimeshindwa nimwambie nini. Na yeye kisukari hana, kapima zaidi ya mara moja.

Msafwa wa Sokomatola

74? Mwambie hiyo karatasi asiitupe, siku serikali ikianza kugawa pensheni ya wazee wote yeye yuko mbele ya foleni.

Mchambua Damu

Kijana wa Uyole, niko maabara hapa hapa Mbeya. Jibu fupi kwanza ili viazi visiuzwe: kipimo hicho kipo duniani, na mama mdogo hajapimwa hicho. Hakuna damu iliyotoka mwilini mwake. Chuma cha kiganjani kinaweza kusoma jinsi ngozi inavyopitisha umeme, yaani kwa sehemu kubwa jasho la kiganja. Sukari iliyoshikamana na protini ndani ya damu hakiioni hata kidogo.

Muulize swali moja: kabla ya kushika chuma, walimuuliza umri, kimo na uzito wakaandika kwenye kompyuta?

Jibu refu nitaandika nikitoka zamu, maana hii mada yenyewe ni tamu na inaharibiwa na wauza makopo.

Kijana wa Uyole

Nimempigia. Ndiyo, walimuuliza vyote vitatu. Na "unasumbuliwa na nini" wakaandika pia.

Msafwa wa Sokomatola

Kwa hiyo kawapa majibu mwenyewe halafu kayanunua elfu thelathini. Aisee biashara.

Mchambua Damu

Haya, nimerudi.

Tutenganishe sukari mbili, maana hapa ndipo watu wengi wanapochanganywa. Ya kwanza ni glukosi inayozunguka kwenye damu, ile ya kisukari. Ikiwa nyingi inajibandika yenyewe kwenye protini, haisubiri ruhusa ya mtu. Ikijibandika kwenye hemoglobini tunaipima kwa jina la HbA1c. Chembe nyekundu inaishi siku 120 hivi, ndiyo maana kipimo hicho kinasimulia miezi miwili mitatu iliyopita, na ikifika asilimia 6.5 daktari anaanza kuzungumzia kisukari.

Ya pili ni minyororo ya sukari ambayo seli inaijenga yenyewe kwa kazi maalum. Kimeng'enya kimoja kinaongeza kipande, kingine kinakata, kingine kinaweka cha mwisho, na mnyororo unakaa mahali pake kwenye protini kabla protini haijatolewa nje ya seli. Minyororo hiyo inaitwa glaikani. Zaidi ya nusu ya protini za mwili wa binadamu zinazo. Ukinywa kreti la soda leo, glukosi itapanda baada ya muda mfupi, ila glaikani za kingamwili zako kesho asubuhi zitakuwa karibu zile zile.

Na glaikani moja kila mtu humu anaijua. Uliyewahi kuchangia damu umeandikiwa A, B, AB au O kwenye kadi. Hiyo ni sukari. Karl Landsteiner aligundua makundi matatu ya kwanza (AB ilifuata baadaye) Vienna, akachapisha mwaka 1901, akapata Nobel mwaka 1930, lakini ilichukua miongo mingine, kazi ya Walter Morgan na Winifred Watkins kule London, kufahamu kwamba kinachotofautisha ni kipande cha mwisho cha mnyororo. Mwenye B amemalizia na galaktosi. Mwenye A amemalizia na N-asetili-galaktosamini. AB anazo zote mbili, O hana hata moja kati ya hizo. Kipande kimoja tu, na ukimwongezea mgonjwa damu isiyo yake unaweza kumuua pale pale kitandani.

Wengi wetu huku ni O, na hilo nalo lina faida yake: mwenye O hupata malaria kali kwa nadra kuliko wenzake, kwa sababu chembe zenye vijidudu hazishikamani kirahisi na chembe nyingine zisizo na sukari za A wala B. Watu wa Kyela mkae mkijua, ila chandarua msiache.

Binti Kihesa

Asante Mchambua Damu, nimeelewa kuliko nilivyofundishwa sekondari. Swali: kundi la damu halibadiliki hadi kufa. Sasa umri unapimwaje kwa kitu kisichobadilika?

Mchambua Damu

Swali zuri dada. Kundi la damu linatoka kwenye jeni, limekwisha hapo. Zinazobadilika ni glaikani za protini nyingine, na iliyochunguzwa kuliko zote ni kingamwili ya IgG.

IgG ndiyo kingamwili iliyo nyingi kuliko zote kwenye damu, gramu kama 10 kwa lita. Ina umbo la Y, na kwenye kile kigogo cha chini kuna mnyororo mmoja wa sukari kila upande, daima mahali pale pale. Mnyororo una matawi mawili. Ncha za matawi zinaweza kuwa tupu, au moja ikawa na galaktosi, au zote mbili. Juu ya galaktosi, wakati mwingine, inakaa asidi ya sialiki, nayo ni aina ya sukari. Bila galaktosi, asidi hiyo haina pa kukaa.

Sasa utamu wenyewe. IgG yenye ncha tupu huelekea kuchochea kinga ipigane. Yenye galaktosi na asidi ya sialiki inaelekea kuituliza, jambo ambalo maabara ya Jeffrey Ravetch kule New York ililionyesha kwa panya mwaka 2006. Protini ni ile ile, kazi inageuka kwa sababu ya sukari mbili tatu nchani.

Kijana wa miaka ishirini na kitu ana galaktosi nyingi. Kadiri umri unavyokwenda, ncha tupu zinaongezeka. Hilo lilichapishwa mwaka 1988 na kundi la Oxford. Na miaka mitatu kabla, 1985, watu hao hao walikuwa wameshaonyesha kwamba wagonjwa wa baridi yabisi ya viungo wana IgG yenye upungufu mkubwa wa galaktosi kuliko wenzao wa umri wao. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa umri na ugonjwa vilikuwa vinasomwa kwenye ncha zile zile. Hii ndiyo sehemu ambayo wauzaji hawaisemi: kipimo hiki hakihesabu miaka. Kinasoma kinga yako imewashwa kiasi gani, na kwa binadamu wengi kinga huzidi kuwaka kadiri wanavyozeeka.

Msafwa wa Sokomatola

Yaani gari la mwaka 2010 lililokuwa linapanda Nyang'oro kila siku na mbao siyo sawa na la 2010 lililokuwa la padri.

Mchambua Damu

Hapo umepatia, na mimi sitaongeza mfano mwingine juu ya huo.

Balozi wa Afya Njema

Naona watu mnakejeli bila utafiti. Mimi nafanya kazi hii, nimesaidia watu wengi Mbeya, Songwe na Njombe. Mashine yetu inasoma mawimbi ya seli. Hospitali hawapendi kwa sababu mgonjwa akipona hawapati hela. Sayansi ya glaikani ni ya kweli kama huyo mtaalamu mwenyewe alivyokiri, kwa hiyo tatizo liko wapi?

Mchambua Damu

Balozi karibu. Tatizo liko hapa. Nikueleze glaikani za IgG zinavyopimwa, halafu wewe useme ni hatua gani inafanyika ndani ya kile chuma.

Damu inachukuliwa, ya mshipani au hata ya kidole iliyokaushwa kwenye karatasi maalum. IgG inachujwa peke yake kutoka kwenye protini nyingine zote. Kinawekwa kimeng'enya kinachokata mnyororo wa sukari kutoka kwenye protini. Sukari zinapakwa rangi inayong'aa kwenye mwanga maalum, kwa sababu zenyewe hazionekani. Kisha zinapitishwa kwenye mashine ya kromatografia, zinatoka moja moja kwa kupishana, na kompyuta inachora vilele 24. Ukubwa wa kila kilele ndio unaosema una ncha tupu kiasi gani, zenye galaktosi moja kiasi gani, mbili kiasi gani. Kazi ya siku kadhaa, na anayepima kwa malipo Ulaya anatoza mamia ya dola kwa mtu mmoja.

Watu walioisukuma kazi hii kuliko wengine ni kundi la Gordan Lauc kule Zagreb, Kroatia. Mwaka 2014 walichapisha utafiti wa watu 5,117 kutoka jamii nne za Ulaya, wakaonyesha kwamba glaikani tatu tu za IgG zikichanganywa zinaweza kueleza hadi asilimia 58 ya tofauti za umri kati ya watu. Tafadhali soma vizuri hiyo namba. Asilimia 58 ni kubwa sana kwa kipimo cha damu. Lakini bado inaacha 42, na hiyo 42 ndiyo yenye habari za unene, presha, mafuta ya damu, sigara na magonjwa. Sasa mtu akikuambia "74" bila kukupa upana wa makosa, hata kama damu ilitoka kweli, anakuuzia namba tu.

Jaribio la bure, Balozi: mchukue mtu mmoja, mpime saa nne kwa jina lake na umri wake, mpime tena saa kumi kwa jina jingine na umri wa miaka 25. Ulete karatasi zote mbili humu.

Msafwa wa Sokomatola

Balozi tunakusubiri. Hata mie nipo tayari kuwa huyo mtu, mradi nisitoe elfu thelathini.

Mzee wa Lupembe

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nimesoma uzi wote. Mimi ni mwalimu mstaafu, Njombe. Nina shaka moja nayo si ya Balozi, ni ya wanasayansi wenyewe. Hao watu 5,117 ni Wazungu watupu. Baba yangu alikufa akiwa amepita tisini, alilima mpaka mwisho, na maisha yake yote aliugua malaria, minyoo na kifua cha baridi ya Lupembe. Wakichukua damu ya mtu kama huyo wakailinganisha na ya Mzungu, si watamwambia ana miaka mia na thelathini?

Mchambua Damu

Shikamoo mzee. Hapo umegusa penyewe, na wenzetu wa Ulaya wanalijua hilo.

Mwaka 2020 ulitoka utafiti uliokusanya glaikani za IgG za watu zaidi ya 10,000 kutoka jamii 27 za dunia. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye galaktosi ile ile. Nchi zenye maisha duni, watu wake wana galaktosi kidogo kuliko watu wa umri huo huo kwenye nchi tajiri. Na kabla yake, mwaka 2016, watafiti waliangalia watoto wa Gabon, Ghana, Ecuador na Uholanzi, wakakuta mtoto wa kijijini mwenye maambukizi mengi anatofautiana na wa mjini, na wote hao wanatofautiana na Mholanzi. Watoto, mzee wangu. Si suala la kuzeeka pale. Ni kinga iliyokutana na mambo mengi mapema.

Kwa hiyo ukichukua fomyula ya Zagreb ukaibandika kwa mkulima wa Lupembe, au kwa mama mdogo wa Uyole, utapata namba kubwa ambayo sehemu yake ni minyoo, sehemu ni moshi wa jikoni, sehemu ni malaria ya zamani, na sehemu ndiyo umri. Huwezi kuzitenganisha mpaka uwe na kipimo cha watu wa hapa hapa, wazima, wa kila rika, kutoka milimani na kutoka bondeni. Hilo ndilo ningelipenda lifanyike kwetu.

Kuna mambo mawili yanayofanya nyanda hizi ziwe mahali pake. VVU: Njombe, Iringa na Mbeya ziko juu kitaifa miaka yote. Mtu mwenye VVU huwa na IgG zenye upungufu wa galaktosi, na hata akitumia ARV vizuri virusi visionekane, kinga yake mara nyingi inabaki imewaka kidogo. Ndiyo sababu moja wapo wanaoishi na VVU muda mrefu wanapata magonjwa ya moyo mapema. La pili kifua kikuu. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi inayoonyesha kwamba mwenye vijidudu vya TB vilivyolala na mwenye TB inayomla wana kingamwili zenye sukari tofauti. Fikiria kipimo cha damu kinachoweza kusema "huyu amebeba tu, huyu anaumwa". Kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mbeya kimefanya tafiti za TB na VVU kwa miaka mingi, watu na vifaa vya kuhifadhi sampuli vipo. Namba ya umri ni starehe ya matajiri, TB ndiyo ingetusaidia.

Mzee wa Lupembe

Nimeridhika. Ndaga fijo, ingawa mimi si Mnyakyusa.

Ulanzi Original

Wadau wa Kilolo tupo. Mimi naomba kujua kama pombe inaonekana kwenye hizo sukari, kwa sababu shemeji yenu anasoma uzi huu.

Mchambua Damu

Inaonekana, na hii si nadharia. Kuna protini inaitwa transferini, inabeba madini ya chuma kwenye damu. Kawaida glaikani zake zina asidi ya sialiki nchani. Mtu akinywa pombe nyingi kila siku kwa wiki mbili hivi, asidi hizo zinapungua. Kipimo chake kinaitwa CDT, na nchi kadhaa za Ulaya zinakitumia kwa dereva aliyenyang'anywa leseni kwa ulevi: anataka leseni yake, anapimwa kwanza. Akiacha pombe, wiki mbili tatu inarudi taratibu kuwa kawaida. Chupa moja ya Jumamosi haionekani. Ulanzi wa kila siku kuanzia saa tatu asubuhi msimu wa mvua, huo unaonekana mkuu.

Ulanzi Original

Shemeji amesoma. Asante kwa kuniharibia.

Binti Kihesa

Mimi nirudishe mada kwa wanawake. Nina miaka 48, hedhi inaanza kuruka. Nimesoma mahali kwamba mwanamke akifikia ukomo anazeeka ghafla kwa hizi glaikani. Ni kweli au ndiyo wanatutafutia soko?

Mchambua Damu

Yote mawili dada. Ni kweli kwamba kwa mwanamke galaktosi inakaa juu kuliko ya mwanaume wa umri wake mpaka miaka ya arobaini, halafu inashuka kwa kasi karibu na ukomo wa hedhi. Estrojeni ina mkono hapo. Kuna jaribio walizima homoni za ovari kwa wanawake ambao hawajafika ukomo kwa miezi sita. Waliopewa dawa bandia isiyo na homoni glaikani zao zilisogea kuelekea uzee, waliorudishiwa estradioli (aina ya estrojeni) hazikusogea. Na ujauzito unafanya kinyume: galaktosi inapanda. Mwenye baridi yabisi akishika mimba mara nyingi anapata nafuu, akijifungua ugonjwa unarudi, na ncha za IgG zinafuata njia hiyo hiyo.

Lakini ukomo wa hedhi hauhitaji kipimo cha mamia ya dola kujulikana. Unaujua mwenyewe. Ukisumbuliwa na joto la ghafla au usingizi, kuna daktari wa wanawake, hilo lina tiba zake na masharti yake.

Mama wa Katumba

Naomba niulize la jikoni. Chakula je? Maana huku Rungwe tunaambiwa ndizi ni sukari tupu, parachichi ni mafuta tupu, mtu abaki na nini.

Mchambua Damu

Mama, hakuna ndizi inayokwenda kubandika galaktosi kwenye kingamwili. Kinachojulikana ni kwamba watu wanene wakipungua uzito, galaktosi ya IgG inaongezeka. Na IgG zinakaa kwenye damu wiki tatu hivi kabla ya nusu yake kuondoka, kwa hiyo mabadiliko unayatarajia kwa miezi, wala siyo kwa kopo la siku saba.

Juu ya chakula na kinga kuwaka, kuna kazi nzuri ya Watanzania wenyewe, ya Moshi, kati ya hospitali ya KCMC na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, iliyochapishwa mwaka 2025. Walichukua vijana wa kiume 77. Wa kijijini waliozoea mboga, maharage, ndizi na nafaka wakapewa chakula cha kimjini, chipsi na soseji na mkate mweupe, kwa wiki mbili. Wa mjini wakapewa cha kijijini. Kundi la tatu likanywa mbege wiki moja. Wao walipima protini za damu na jinsi seli za kinga zinavyoitika. Wa kijijini kinga zao zikaanza kuwaka, wa mjini zikatulia, wa mbege nao wakaonekana kupata nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalikuwepo hata wiki nne baada ya kurudi kwenye chakula chao. Wiki mbili tu! Mimi hiyo ilinishtua kuliko habari zote za Zagreb.

Ulanzi Original

Mbege umesema. Shemeji yenu ameondoka kabla hajafika hapo.

Balozi wa Afya Njema

Bado mnapotosha. Virutubisho vyetu ni mimea ya asili, havina kemikali.

Msafwa wa Sokomatola

Karatasi mbili Balozi. Moja jina langu, moja jina la uongo. Tupo.

Mchambua Damu

Kijana wa Uyole, kuna kitu uliandika nikakipita haraka. Ulisema waliandika "anasumbuliwa na nini". Alijibu nini?

Kijana wa Uyole

Nimemuuliza sasa hivi. Vidole. Asubuhi anaamka vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa, hawezi kushika jembe wala kufunga vifungo mpaka jua lichomoze vizuri. Anadhani ni baridi ya Uyole na kazi ya shamba. Ndiyo iliyompeleka semina.

Mchambua Damu

Tangu lini? Vimevimba? Ni vile vya katikati na vifundo vya mwanzo vya vidole au vya nchani karibu na kucha?

Kijana wa Uyole

Anasema tangu kipindi cha kupanda. Vimevimba, vifundo vya mwanzo na vya katikati, mikono yote. Vya kuchani hapana. Kukakamaa kunachukua saa nzima na zaidi.

Mchambua Damu

Basi acha habari za umri. Mikono yote miwili, vifundo hivyo, asubuhi zaidi ya saa nzima, miezi kadhaa: hiyo lazima iangaliwe kama baridi yabisi ya viungo, ule ugonjwa ambao hao wa Oxford waliukuta na ncha tupu mwaka 1985. Simwambii anayo, mimi siyo daktari na sijamwona. Uzee na jembe navyo vinaumiza vidole, ila kwa kawaida hukakamaa muda mfupi tu.

Aende hospitali ya rufaa, aonane na daktari wa magonjwa ya ndani. Watampima RF, kingamwili inayoshambulia IgG za mwenyewe, na ESR au CRP. Hivi viwili vya mwisho vinasoma kinga kuwaka, jambo lile lile ambalo glaikani zinalisoma, kwa bei ambayo haifiki hata robo ya laki nne na nusu. Ikiwa ndiyo, dawa za kuutuliza zipo na zinafanya kazi vizuri zikianza mapema. Ukiachwa miaka, vifundo vinaliwa na vidole vinapinda, na hapo havinyooshwi tena na dawa.

Wakati yuko pale apimwe na presha, maana ana 59 na hujaitaja. Ikizidi 140 kwa 90 mara mbili tatu, aanze kuifuatilia. Sukari apime ya asubuhi. Wakimwandikia HbA1c aseme kama ana upungufu wa damu au kwao kuna selimundu, hivyo viwili vinaweza kuipotosha.

Kijana wa Uyole

Nampeleka Jumatatu. Viazi nimemwambia avirudishe stoo, ameanza kunung'unika kwamba nampinga jirani yake, tutamalizana. Aende bila kula?

Mchambua Damu

RF, ESR na CRP havina shida na chakula. Ila ya sukari ya asubuhi asile chochote kwa muda wa saa 8 kabla, maji anywe tu. Abebe uji kwenye chupa ya chai anywe wakishamtoa damu, foleni ya Jumatatu ni ndefu. Na dawa zozote za maumivu anazonunua dukani aende na pakiti zake, daktari atauliza.